Je, Ipo Dawa ya Kuotesha Moyo Upya?

Mtumiaji wa Ngara au Biharamulo akiuziwa mnadani chupa inayodaiwa kuotesha moyo upya, yampasa kwanza afahamu jinsi mwili unavyojitengeneza.

Seli huwasiliana kwa ishara. Protini inayotolewa na seli moja hunasa kwenye kipokezi cha seli nyingine, nacho hupitisha ujumbe hadi ndani ya kiini: gawanyika, tulia au kufa. Kwa njia hiyo ngozi iliyokatwa hupona, na ini lililopunguzwa hukua tena.

Moyo wa mtu mzima hauna uwezo huo. Baada ya shambulio la moyo, seli za misuli zilizokosa damu hufa, na ishara za jeraha huamsha seli zinazojenga kovu. Kovu huzuia ukuta wa moyo usipasuke, lakini halisukumi damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu wa miaka 25 hupata seli mpya za misuli ya moyo kwa takriban asilimia 1 tu kwa mwaka, na kiwango hicho hushuka kadiri umri unavyosonga.

Mojawapo ya mifumo ya ishara inayozuia seli hizo zisigawanyike huitwa Hippo. Watafiti wamefaulu kuilegeza breki hiyo katika panya wa maabara. Hata hivyo, hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha upya moyo wa binadamu.

Dawa za hospitali nazo hufanya kazi kwenye ishara. Enalapril hupunguza angiotensini, ambayo hubana mishipa na kuchochea makovu. Carvedilol hupunguza makali ya adrenalini. Hazioteshi seli mpya, bali huulinda moyo uliobaki. Anayeziacha kwa ajili ya chupa ya mnadani huuacha moyo wake bila kinga.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Usiache wala kubadili dawa ya moyo bila kumwona daktari.
2. Usinunue dawa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
3. Dai la kuponya moyo kabisa litolee taarifa kwa mfamasia wa wilaya au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).
4. Ukipata maumivu makali ya kifua, jasho jingi au kukosa pumzi, wahi hospitali mara moja. Seli ya moyo iliyokufa hairudi. Iliyo hai bado yaweza kuokolewa.