Osha Gobore kwa Maji, Ndipo Upake Mafuta

Nguruwe-mwitu wakishuka kwenye mihogo, wengine huchukua gobore. Leo tunasema na mwenye gobore lenye leseni.

Masizi ya baruti yana chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na kutu huanza mapema. Mtutu ulioliwa na kutu waweza kukupasukia mkononi. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Maji ndiyo huiondoa.

Kwanza, toa fataki. Pima mdeki nje ya mtutu, kisha utumbukize ndani, kichwa chako kikiwa pembeni ya mdomo wa mtutu. Je, umefika chini kabisa? Ukiishia juu, gobore limeshindiliwa: usilifungue, usilichokoe, toa taarifa polisi.

Likiwa tupu, chomoa mtutu kwenye mti wake. Sugua ndani kwa kitambaa na maji ya moto yenye sabuni, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha kabisa, ndipo upake mafuta ya cherehani kidogo. Mtambo ukilegea, mpelekee fundi mwenye kibali.

Baruti iwe mbali na moto na watoto. Tena, leseni ya silaha si kibali cha kuwinda, hata ukipakana na Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019.

Kazi njema shambani.