Java na IDE: Programu Inayosoma Programu

Programu ya Java huanza kama maandishi ya kawaida. Yanaweza kuandikwa kwa Notepad, yakahifadhiwa katika faili linaloishia na .java, kisha kwenye dirisha la amri likaandikwa neno javac likifuatiwa na jina la faili hilo. Kompaila huyasoma maandishi, huyakagua, na isipoona kosa huyageuza kuwa faili la .class lenye lugha ya kati iitwayo baitikodi. Lugha hiyo haikukusudiwa kichakataji cha kompyuta fulani. Huendeshwa na mashine pepe ya Java, na mashine hiyo ndiyo inayojua kuzungumza na Windows, Linux au Mac. Ndivyo James Gosling na wenzake wa kampuni ya Sun Microsystems walivyoipanga lugha hii kabla ya kuitangaza kwa umma mwaka 1995: msimbo uandikwe mara moja, uendeshwe popote.

Kwa programu ya faili moja, Notepad na javac vinatosha kabisa. Shida huanza mafaili yanapoongezeka. Mfano mzuri ni OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Wazo lake lilizaliwa mwaka 2004, baada ya madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, kuutembelea mpango wa AMPATH wa matibabu ya VVU mjini Eldoret, Kenya. Miaka miwili baadaye mfumo ulianza kutumika huko huko Eldoret, na leo unatumika katika nchi nyingi. Kiini chake kimeandikwa kwa Java na kina mamia ya klasi, yaani vipande vya msimbo ambavyo kila kimoja hueleza kitu cha aina fulani na kazi zake, ziitwazo metodi. Klasi ya Patient, ya mgonjwa, hurithi sifa za klasi ya Person, ya mtu, na nyingine nyingi huitegemea hiyo. Anayetaka kubadili jina la metodi moja ndani yake lazima alibadili kila mahali linapoitwa. Akisahau mahali pamoja, mradi mzima unakataa kukompailiwa.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyoifanya IDE isiepukike. Herufi hizo tatu husimama badala ya mazingira jumuishi ya kuundia programu: dirisha moja lenye kihariri cha kuandikia, kompaila, kitatuzi cha kusakia hitilafu, orodha ya mafaili ya mradi na vifaa vya kupimia. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Java. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, ambayo iliunganisha kihariri na kompaila katika programu moja ndogo na ya bei nafuu. Kosa lilipoonekana, mshale ulirudishwa kwenye mstari wenye kosa. Waliozoea kutoka kihariri kimoja, kuita kompaila, kusubiri, kisha kurudi kuutafuta mstari wa 214 waliiona tofauti mara moja.

Lakini Java iliruhusu jambo kubwa zaidi ya kuunganisha vifaa. Lugha hii ni kali: kila kigeu kina aina yake, na aina hiyo hujulikana kabla programu haijaendeshwa. Kwa muda mrefu mtu aliyetaka kuunda mgonjwa mmoja alilazimika kuandika Patient mgonjwa = new Patient(), aina ileile mara mbili katika mstari mmoja. Wapenzi wa Python hawajaacha kuicheka Java kwa maneno yake mengi, na hawakosei sana. Hata hivyo, ukali huo humpa msomaji uhakika, na msomaji wa kwanza wa msimbo siku hizi ni IDE yenyewe. Haiuoni msimbo kama mfuatano wa herufi tu. Huuchambua na kuupanga kama mti: klasi ina metodi, metodi ina sentensi, sentensi ina majina, na kila jina limefungwa kwenye mahali lilipotangazwa. Kwa sababu aina zote zinajulikana, inaweza kueleza bila kubahatisha kwamba hesabu() hii ni ya klasi ya Mkopo na ile ni ya klasi ya Ghala, ingawa zimeandikwa sawasawa.

Mengi yanayopendwa katika IDE yanatokana na mti huo. Mwandishi akiandika mgonjwa na kuweka nukta, huletewa orodha ya metodi ambazo mgonjwa anazo kweli. Akikosea aina, mstari mwekundu huchorwa chini ya neno hata kabla hajahifadhi faili, na mara nyingi marekebisho hupendekezwa hapohapo: Alt+Enter katika IntelliJ IDEA, Ctrl+1 katika Eclipse. Kubadili jina la metodi katika mafaili 60 huwa kazi ya kubonyeza Shift+F6 au Alt+Shift+R na kuandika jina jipya. Huko si kutafuta na kubadilisha maneno kama katika Word, kwani jina kama hilo lililo kwenye klasi nyingine halitaguswa.

IDE tatu zimetawala ulimwengu wa Java. NetBeans ilianza mwaka 1996 ikiitwa Xelfi, mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Charles mjini Prague. Sun iliinunua mwaka 1999, mwaka uliofuata ikaufanya msimbo wake kuwa huria, na tangu mwaka 2019 ni mradi kamili wa Taasisi ya Apache. Eclipse ilitoka IBM. Mwaka 2001 kampuni hiyo iliutoa bure msimbo ambao yenyewe iliukadiria kuwa na thamani ya dola milioni 40, na mwaka 2004 ikaukabidhi kwa taasisi inayojitegemea. IntelliJ IDEA ilitoka mwaka 2001 vilevile, kazi ya JetBrains, kampuni iliyoanzishwa Prague na watunga programu kutoka Urusi. Hii iliuzwa kwa fedha, na watu walikubali kulipa huku mbili nyingine zikipatikana bure, kwa sababu hakuna iliyoufahamu msimbo kwa kina kama yenyewe. Mwaka 2009 JetBrains ilitoa toleo huria. Juu ya msingi huo Google ilijenga Android Studio, iliyotangazwa mwaka 2013, ikawaondoa watengenezaji wa programu za simu kwenye Eclipse.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kompyuta inahitaji JDK, mkoba wa vifaa vya Java wenye javac na mashine pepe ndani yake. Kisha mradi huanzishwa, na hapo mwanafunzi hukutana na swali linalomtatiza: mradi uwe wa Maven au wa Gradle? Hizi mbili si IDE. Ni programu za kujenga mradi kuanzia msimbo hadi faili la .jar linaloweza kupelekwa kwa mtumiaji. Maven husoma faili liitwalo pom.xml, linalotaja jina la mradi, toleo la Java, na maktaba za watu wengine zinazohitajika. Maktaba hizo huzivuta kutoka hazina ya mtandaoni iitwayo Maven Central na kuziweka katika folda ya .m2 kwenye kompyuta. Mara ya kwanza bando huliwa kwelikweli. Baada ya hapo kazi inaweza kuendelea hata mtandao ukikatika, mradi maktaba mpya haijaongezwa.

Mpangilio wa folda ni ule ambao Maven iliuzoesha ulimwengu: msimbo hukaa src/main/java, majaribio hukaa src/test/java. Asiyeona sababu ya kuufuata ataiona siku mtu mwingine atakapoufungua mradi wake kwa IDE tofauti na kukuta kila kitu mahali anapopatarajia.

Kitatuzi kinastahili maelezo marefu kuliko vifaa vingine, kwa kuwa ndicho wanaoanza huchelewa kukitumia. Tuseme kliniki ina programu inayokokotoa umri wa mtoto kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa sasa. Kompaila haioni kosa lolote. Programu inaendeshwa, majibu yanatoka, na watoto wengi wanapata umri sahihi. Kisha mnamo Januari 2024 analetwa mtoto aliyezaliwa Desemba 2023, na skrini inasema ana mwaka mmoja. Ikiwa kipimo cha dawa kinategemea umri huo, hitilafu hii si ndogo.

Wengi hujaza msimbo mistari ya System.out.println ili thamani za vigeu zichapishwe, kisha husahau kuifuta. Kitatuzi kina njia safi zaidi. Mwandishi hubofya ukingoni mwa mstari anaoushuku, na alama hutokea pale. Programu ikiendeshwa kwa utatuzi, husimama inapofika mstari huo kabla ya kuutekeleza. Vigeu vyote vilivyo hai huonekana pamoja na thamani zake: mwakaWaSasa ni 2024, mwakaWaKuzaliwa ni 2023. Hatua moja mbele, umri unakuwa 1, na kosa limejianika: miezi na siku hazikuhesabiwa kabisa. Dawa yake ni kutumia Period.between, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, ambayo huipima tofauti ya tarehe mbili kwa miaka, miezi na siku.

Uwezo wa kuisimamisha programu katikati haumo ndani ya IDE. Umo katika mashine pepe ya Java. IDE huzungumza nayo kwa itifaki maalumu na kuonyesha majibu vizuri. Ndiyo maana inawezekana kukaa Mombasa na kutatua programu inayoendeshwa kwenye seva iliyoko nchi nyingine, mradi seva imeruhusu. Usalama nao hutaka ruhusa hiyo ifungwe kazi ikiisha, maana anayeweza kuisimamisha programu anaweza pia kuibadilisha.

Kosa likisharekebishwa huandikiwa jaribio, ili lisirudi kimyakimya mwakani. Kifaa cha kazi hiyo ni JUnit, ambayo Kent Beck na Erich Gamma waliianza mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Jaribio la mfano wetu lingempa mtoto tarehe ya kuzaliwa ya Desemba na kudai jibu liwe miaka 0. IDE huliendesha kwa kubofya mara moja na kuonyesha rangi ya kijani likifaulu, nyekundu likishindwa. Huyo Gamma ndiye aliyekuja kuongoza uundaji wa vifaa vya Java vya Eclipse, vyenye kompaila yao wenyewe. Kompaila hiyo hukompaili yale tu yaliyobadilika kila faili linapohifadhiwa, na hukubali kuendesha programu ambayo baadhi ya metodi zake bado zina makosa. Programu huanguka pale tu inapofika kwenye metodi mbovu.

Raha zote hizi zina gharama. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kompyuta. Mti wa msimbo wote pamoja na faharasa zake lazima ukae mahali, na Android Studio kwa mfano huomba angalau GB 8 za RAM. Kompyuta ya mtumba yenye GB 4 itaifungua kwa taabu na kuitumia kwa taabu zaidi.

Gharama ya pili haionekani, nayo ni nzito zaidi. Kitufe cha kuendeshea programu huficha yote yaliyo chini yake. Wako waliomaliza mwaka mzima wa masomo bila kujua kwamba kitufe kile huita kompaila, kisha mashine pepe, huku kikizionyesha maktaba zilipo. Siku mradi unapokubali ndani ya IDE na kugoma kwenye seva, hawajui pa kuanzia. Mara nyingi sababu ni kwamba maktaba fulani iliongezwa kwenye mipangilio ya IDE badala ya pom.xml. Kanuni inayofaa ni kwamba Maven au Gradle ndiyo yenye neno la mwisho: kama amri ya mvn package haijengi, mradi haujajengwa, hata IDE ikiwa imejaa kijani. Walimu waliliona tatizo hili mapema. BlueJ, iliyoanzishwa na Michael Kölling na wenzake katika Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia mwaka 1999, iliondoa makumi ya vitufe kwa makusudi na kuacha klasi zichorwe kama visanduku, ili mwanafunzi aone uhusiano wake kwanza.

Mpaka kati ya IDE na kihariri cha kawaida nao umeanza kufutika. Mwaka 2011 Gamma alihamia Microsoft, na timu yake ikaunda Visual Studio Code, kihariri chepesi kilichotoka mwaka 2015. Mwaka uliofuata ilitangazwa itifaki inayoruhusu kihariri chochote kuuliza maswali ya msimbo kwa programu nyingine inayoendeshwa pembeni: jina hili limetangazwa wapi, metodi gani zinafaa hapa. Programu-jalizi ya Java ya Red Hat hutumia njia hiyo, na inayoyajibu maswali ni injini ileile ya Eclipse. Anayedhani ameikimbia Eclipse kwa kuhamia VS Code bado anaitumia.

Kwa mwenye kompyuta dhaifu, VS Code au NetBeans itamfaa. Kwa kazi ya ofisi yenye mradi mkubwa, IntelliJ IDEA bado inaongoza, na sehemu yake ya bure inatosha kwa Java ya kawaida. Anayetaka programu za Android hana sababu ya kwenda kwingine zaidi ya Android Studio. Ila kabla ya kupakua yoyote kati ya hizo, kila anayeanza apakue JDK peke yake, aandike programu ya mistari mitano kwa Notepad, aikompaili kwa javac na kuiendesha kwa java. Haichukui zaidi ya jioni moja.