Ukoko wa Udongo Ulio Hai

Fungueni daftari zenu. Neno letu la leo ni UKOKO. Mnalijua sana: ni wali ulioshika chini ya chungu. Basi udongo wa nchi kavu nao una ukoko wake, ila huo hukaa juu, tena una uhai.

Ukoko huu hufanywa na vijidudu vya kijani ambavyo macho hayavioni, pamoja na vijimea vidogo visivyo na maua. Vijidudu hivyo hutoa nyuzi nyembamba zenye utelezi, zinazoshika punje za mchanga kama uzi ushikavyo shanga. Wakati wa jua kali hulala, mkadhani vimekufa. Mvua ikinyesha, baada ya muda mfupi udongo huanza kuonekana kijani.

Je, ukoko huu wasaidia mimea au waizuia? Tutazame mahali paitwapo Shapotou, kaskazini ya China, ukingoni mwa jangwa la Tengger. Reli ya kutoka Baotou kwenda Lanzhou, iliyomalizika mwaka 1958, yapita hapo kati ya vilima vya mchanga, na mchanga ungeweza kuifukia. Tangu mwaka 1956 watu walichomeka mabua ya ngano mchangani, wakafanya miraba ya mita 1 kwa mita 1, wakapanda vichaka ndani yake. Upepo ukapungua nguvu, vumbi likatua, ukoko ukaanza kuota wenyewe.

Hapo mambo yakageuka. Kwa kawaida mvua ya huko haifiki milimita 200 kwa mwaka. Ukoko ulipokuwa mnene, ulinyonya maji ya mvua ndogo kabla hayajashuka chini. Vichaka vyenye mizizi mirefu vikakosa maji, vikapungua. Lakini nyasi ndogo zenye mizizi mifupi zikaongezeka, maana maji yalibaki juu. Tena baadhi ya vijidudu vile huchukua naitrojeni hewani na kuitia udongoni, nayo ni chakula cha mimea. Mchanga nao ukatulia.

Adui wa ukoko ni kwato na magurudumu. Ukiwa mkavu huvunjika kwa kukanyagwa tu, na kupona kwake huweza kuchukua makumi ya miaka.

Kabla ya somo lijalo, tafuteni mahali pakavu penye udongo mweusi-mweusi juu. Inueni kipande kidogo kama ukucha, mtazame chini yake. Punje zikining'inia kwenye nyuzi, huo ni ukoko hai. Zisiponing'inia, huenda ni tope tu lililopigwa na mvua likakauka. Andikeni sentensi tatu juu ya mliyoyaona.