Plastiki Inayometa Chini ya Mlima

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari ya sayansi, na nimechagua plastiki. Msicheke. Plastiki ninayoisema ni ndugu wa ile ya chupa za maji, na hivi leo inafanya kazi ya ulinzi chini ya mlima wa Gran Sasso, nchini Italia, kazi ambayo shaba haiiwezi.

Hatuna budi kuanza na nyutrino. Hii ni chembe ndogo mno, haina chaji ya umeme, na hupenya karibu kila kitu. Tangu uanze kusoma habari hii, mamilioni ya mamilioni yake yametoka katika jua yakapita mwilini mwako, wala hukusikia kitu. Sasa, elektroni ina pacha wake wa kinyume, aitwaye pozitroni, wakikutana huangamizana. Je, nyutrino naye anaye pacha wa namna hiyo? Mwaka 1937 Mwitaliano Ettore Majorana alionyesha kwamba huenda chembe kama hii ikawa ndiyo kinyume chake yenyewe. Ikiwa ni kweli, tutakuwa tumepata fununu kubwa ya sababu ya ulimwengu kujaa vitu, badala ya vitu na vinyume vyake kufutana vyote hapo mwanzo, isibaki hata nyota moja.

Njia moja ya kulijaribu wazo hilo ni kuitazama jerimaniamu-76. Atomu yake huweza kugeuka kuwa seleniamu-76 kwa kutoa elektroni mbili pamoja na antinyutrino mbili. Lakini kama wazo la Majorana ni sahihi, basi kwa nadra sana zitatoka elektroni mbili peke yake, zikiwa zimebeba nguvu yote. Nadra kiasi gani? Jaribio la GERDA, lililofanyika hapo Gran Sasso, lilitangaza mwaka 2020 kwamba halikuona dalili yoyote, na kwa vipimo vyake nusu ya atomu hizo haziwezi kugeuka hivyo kabla ya miaka 18 yenye sifuri 25 mbele yake. Umri wa ulimwengu ni miaka 13,800,000,000 tu!

Anayengoja jambo la nadra namna hiyo anahitaji kimya, na dunia ina makelele mengi. Kuna miale itokayo angani. Kuna uraniamu na thoriamu ndani ya mawe, vumbi na chuma. Hata ndizi tunazokula zina potasiamu itoayo miale kidogo. Ndiyo maana maabara imewekwa chini ya mwamba wa mita 1,400. Kisha vipande vya jerimaniamu huzamishwa katika arigoni iliyopozwa ikawa kimiminiko, kwenye baridi ya nyuzi 186 chini ya sifuri. Arigoni hiyo humeta ikipigwa na mwale, kwa hiyo nayo ni mlinzi.

Lakini vipande hivyo havielei. Lazima vishikiliwe na kitu. Shaba yaweza kusafishwa sana, ila ni bubu. Uchafu kidogo uliojificha ndani yake ukitoa mwale, na mwale huo ukamwaga sehemu ya nguvu zake katika shaba na sehemu katika jerimaniamu, shaba haisemi neno. Mpimaji huona ile sehemu ya jerimaniamu tu, na aweza kudanganyika.

Hapo ndipo inapoingia plastiki iitwayo PEN, yaani polietilini naftaleti. Ikipigwa na mwale humeta rangi ya buluu. Zaidi ya hayo, huipokea nuru ya arigoni, ambayo ni ya nanomita 128 na ngumu mno kupimwa, ikaigeuza kuwa buluu ya nanomita 440 hivi. Na katika baridi ile haivunjiki ovyo. Huwa imara kweli. Nuru yake si kali kama ya plastiki maalumu za kumeta, lakini hizo nyingi hazifai kubeba mzigo.

Ujanja wenyewe ni mwepesi, nami naupenda kwa sababu hiyo. Elektroni mbili za tukio la kweli husimama ndani ya jerimaniamu baada ya milimita moja au mbili, kwa hiyo nje hubaki giza. Mwale wa uchafu, kinyume chake, mara nyingi huacha alama pengine pia. Basi jerimaniamu ikitoa ishara na papo hapo plastiki au arigoni ikameta, ishara hiyo hutupwa. Ni kama mlinzi wa ghala ambaye hata kigoda chake hupiga kelele mwizi akikigusa.

Bila shaka kigoda chenyewe kisiwe mwizi. Punje za PEN huoshwa kwa uangalifu, kisha huyeyushwa na kutiwa katika kalibu ndani ya chumba kisicho na vumbi. Vibao vilivyopatikana ndivyo vinavyoshikilia jerimaniamu katika jaribio la LEGEND-200, lililoanza kukusanya vipimo mwaka 2023. Wanasayansi hao wanakusudia kujenga jingine la tani moja nzima, LEGEND-1000, ambako kila kibao kilicho bubu kitakuwa ghali zaidi.