Mtunzi na Wapokezi Katika Ngoma ya Mganda

Kutunga ni kupitisha shanga katika uzi. Pia ni kubuni wimbo. Kazi ya kwanza hufanywa na mkono mmoja, na huenda ndiyo sababu mtunzi wa wimbo naye hudhaniwa kuwa mtu mmoja aliyeketi peke yake.

Katika mkoa wa Ruvuma, kutoka Songea kuelekea magharibi hata mwambao wa Ziwa Nyasa, ngoma ya mganda yaikanusha dhana hiyo. Mganda ni wa ukoo mmoja na beni, nao ulienea pande za ziwa hilo baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Mistari ya wachezaji bado yakumbusha gwaride la askari. Ala yake mashuhuri ni kibuyu chenye tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mpigaji hapulizi tu, bali hutia humo sauti yake mwenyewe, nao utando huitetemesha hata ikafanana na tarumbeta. Vibuyu vikubwa hubeba sauti nzito, vidogo nyembamba. Mtu mmoja, hata awe fundi wa namna gani, hutoa uzi mmoja tu wa wimbo.

Linalomhusu mwanaisimu ni hili: kibuyu hula maneno. Konsonanti hupotea, ikabaki lahani. Kwa hiyo wimbo huimbwa kwanza kwa maneno, ndipo vibuyu vikaupokea. Aliyebuni maneno huenda aliyapata peke yake, shambani au njiani. Lakini mstari wake hauna budi kutoshea pumzi za wapokezi na hatua za miguu yao.

Shairi la vina na mizani laweza kukamilika mezani. Ni kweli kwamba washairi wa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, walijibizana. Walakini kila mmoja alitia jina lake chini ya beti zake. Mganda hauna mahali pa kutia jina.

Hapo ndipo wakusanyaji hukosea. Wengine humwandika kiongozi peke yake. Wengine, na kosa lao ni kubwa zaidi, huandika “wimbo wa jadi” hata kama waliouunda wangali hai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yaitambua kazi ya watunzi kadhaa kwa pamoja, na sanaa za jadi imezitengea sehemu yake mbali. Neno moja la mkusanyaji laweza kuuhamisha wimbo kutoka fungu hili hata lile. Kadi yake ina nafasi ya kutosha kwa aliyeleta maneno, walioyapokea kwa vibuyu, na kijiji chao.