Ana miaka 70 na hana cheti cha kuzaliwa: Mzee huyu atathibitishaje kuwa ni Mkenya?

Kuna wazee Kenya ambao wamelima, wameoa na kuzika wazazi wao palepale walipozaliwa, lakini serikalini hawana karatasi hata moja inayowataja.

Kwa miaka mingi mtu kama huyo aliweza kuishi hivyo. Siku hizi mambo ni tofauti. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui M-Pesa, hupigi kura, na kujiandikisha SHA ni shida. Ukifika miaka 70, zile Sh2,000 za Inua Jamii kila mwezi unazisikia tu kwa majirani.

Kwa nini rekodi hazipo?

Wengi walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji. Usajili wa lazima wa vizazi ulienezwa wilaya baada ya wilaya kuanzia 1963, na nchi nzima ikafikiwa 1971. Aliyezaliwa Turkana au Kwale mwaka 1954 hakupotewa na cheti. Hakuwahi kuandikwa.

Kwa wanawake pengo ni kubwa zaidi. Kipande cha ukoloni kilikuwa cha wanaume, na sheria ya vitambulisho haikuwajumuisha wanawake hadi 1978. Kwa hiyo mzee akiulizwa kitambulisho cha mamake aliyefariki kabla ya hapo, anaulizwa kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Sheria inataka nini hasa?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuzaliwa Kenya pekee hakumfanyi mtu kuwa raia. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye baba au mama yake ni raia.

Kwa waliozaliwa kabla ya uhuru, hesabu inarudi nyuma zaidi. Kwa ujumla, Desemba 12, 1963, uraia wa moja kwa moja ulimwendea aliyezaliwa Kenya na ambaye angalau mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya.

Kwa lugha rahisi, mzee wa miaka 70 hathibitishi kizazi kimoja. Anathibitisha viwili: chake na cha mzazi wake.

Aanzie wapi?

Kwanza kwa naibu wa chifu au chifu wa eneo alikozaliwa, si lazima pale anapoishi sasa. Barua ya chifu ndiyo hufungua milango mingine.

Pili, akusanye chochote chenye jina lake au la wazazi: kadi ya ubatizo, cheti cha shule, barua ya kazi ya zamani, hati ya shamba, cheti cha kifo cha mzazi, kitambulisho cha kaka au dada wa tumbo moja. Karatasi iliyoandikwa miaka 40 iliyopita ina uzito kuliko barua ya wiki jana.

Tatu, mashahidi. Hawa ni watu waliomzidi umri au wa rika lake wanaowajua wazazi wake. Maneno yao huwekwa kwenye hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Tarehe kamili ikikosekana, matukio husaidia: alizaliwa baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952, au mwaka wa mafuriko ya 1961.

Nne, umri ukizua utata, daktari wa hospitali ya serikali anaweza kuombwa kuukadiria.

Kisha anaomba usajili wa kuchelewa, unaohusu kizazi chochote ambacho hakikuandikwa ndani ya miezi sita. Ombi la kitambulisho hufanywa kando.

Majina yalingane. Ubatizo ukisema Yohana, shule John na shamba Juma, ni lazima kiapo kieleze kuwa huyo ni mtu mmoja. Na asijiongezee umri ili apate pesa za wazee. Kutoa habari za uongo ni kosa la jinai.

Na wale ambao wazazi wao walitoka nje?

Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Wanubi ni kizazi cha askari waliotoka Sudan. Wengi walizaliwa Kenya, lakini kile kizazi cha pili kikawakwamisha.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwapa njia wasio na uraia wa nchi yoyote na ambao wameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963. Kati ya masharti yake ni kujua Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Muda wa kuomba ulikuwa na kikomo, lakini safari ya miguu ya Wamakonde kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 ilisukuma serikali kuwapa vitambulisho. Wapemba walitambuliwa 2023.

Kaunti za mpakani nazo zilikuwa na msasa wa ziada. Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini agizo la kuuondoa akiwa Wajir.

Cha kufanya sasa

Kama mzazi au nyanya yako hana kitambulisho, usianze na foleni ya Huduma Centre. Anza na watu. Uliza nani bado yuko hai anayemkumbuka babake, andika jina, mpeleke akaape. Ofisi itafunguliwa tena Jumatatu. Shahidi wa miaka 88 huenda asiwepo.