"Matanga" ya Kangemi: Neno Moja, Desturi Mbili

Utangulizi

Mtu aliyelelewa Lamu, Tanga au Unguja akifika Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki magharibi mwa jiji la Nairobi, huenda asitatizwe na maneno mapya kama atakavyotatizwa na neno analolijua tangu utotoni. Ataambiwa kuwa jioni kuna matanga kwa jirani, naye atajiandaa kwenda kuhani. Atakapofika atakuta marehemu bado hajazikwa, na mbele ya waombolezaji kuna meza, daftari na mtu anayesoma kwa sauti majina ya waliotoa na kiasi walichotoa. Makala haya yanakusudia kueleza mkanganyiko huo.

Matanga ya pwani

Miongoni mwa Waislamu wa pwani, maiti huzikwa upesi, aghalabu siku ile ile ya kufa. Matanga ni kipindi cha siku kadhaa ambapo wafiwa hukusanyika nyumbani, jamaa na majirani wakija kuwahani. Vitenzi vinavyoandamana na neno hili vinadhihirisha maana hiyo: watu hukaa matanga, kisha huyaondoa.

Matanga ya Kangemi

Kangemi hawakai matanga, huenda matanga. Aidha, neno limebeba maana mbili. Kwanza, ni mikutano ya jioni ya kufariji na kuchanga kabla ya mazishi. Pili, ni mazishi yenyewe huko mashambani. Mfanyakazi asiyeonekana kazini siku ya Ijumaa akisemwa kuwa "ameenda matanga", basi yumo safarini kwenda kuzika.

Kiini cha mabadiliko haya kimo katika maneno mawili ya Sheng: keja na ocha. Keja ni chumba au nyumba ya kupanga. Ocha ni kwa wazazi, mashambani. Wakazi wengi wa Kangemi ni Waluhya waliotoka Kakamega, Vihiga, Bungoma na kwingineko magharibi mwa Kenya, ilhali ardhi ya mtaa kwa asili ni ya familia za Wakikuyu. Mpangaji hulala katika keja, lakini hawezi kuzikwa humo. Uzito wa fikra hii, ambayo si ya Waluhya peke yao, ulidhihirika katika kesi ya wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyefariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wake, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, naye akazikwa huko Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa.

Basi maiti itoke Kangemi ifike Kakamega, safari ya zaidi ya kilomita 300. Patakikana jeneza, gari, malipo ya hifadhi ya maiti na chakula cha waombolezaji. Familia ya kibarua haiwezi mzigo huo peke yake. Kwa hiyo siku ambazo pwani zingekuwa za kukaa baada ya kuzika, hapa zimegeuka kuwa siku za kuchanga kabla ya kuzika.

Usomaji wa majina nao si majigambo. Daftari lile ni kumbukumbu ya deni la ujirani: aliyetoa leo atatolewa kesho. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango waweza kutumwa kwa simu, lakini kufika mwenyewe bado kuna uzito wake. Ndiyo sababu masharti ya mwaka 2020 yaliuma: kuanzia Aprili 6 hadi mapema Julai watu walizuiwa kuingia na kutoka eneo la Nairobi, na waombolezaji mazishini wasizidi 15.

Mgeni asishangae pia akisikia ngoma msibani. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, huchezwa harusini na hata mazishini. Hiyo isichanganywe na "disko matanga", muziki wa usiku kucha ambao serikali imeupiga marufuku mara kadhaa.

Hitimisho

Je, matumizi haya ni makosa? Tuchukue tangazo lisemalo, "Matanga ya mwalimu yataanza kesho." Msomaji wa Mombasa atadhani mwalimu amekwisha kuzikwa, wa Kangemi atatafuta pesa za mchango. Wote wawili wamesoma Kiswahili, na kila mmoja ameelewa kwa mujibu wa desturi yake. Mhadhiri atakayemkata mwanafunzi alama kwa kuandika "alienda matanga" atakuwa ameadhibu maana inayotumiwa na maelfu ya wazungumzaji. Lililo bora ni kamusi zetu ziziweke maana zote bega kwa bega, kila moja ikitajiwa mahali pake. Kazi ya kuzikusanya ni yetu wanafunzi, na ianzie mitaani tunakoishi.